Siku Tulipoficha Mapipa ya Moto

Asubuhi ile wifi Lianxiu alipita nyumba kwa nyumba akituomba tufiche mapipa yetu ya moto, na sisi, kwa kuwa ni yeye aliyeomba, tukayaficha. Ulikuwa mwezi wa kumi na mbili, na baridi ya Jiangxi haina adabu: haibishi hodi, inaingia ndani na kukaa nawe mezani. Langu nililiburuta hadi stoo ya soya nikalifunika gunia. Mzee Peng, ambaye nyumba yake imebanana ukuta kwa ukuta na yangu upande huu na ya wifi upande ule, majani yakianza kupukutika haonekani tena nje ya pipa lake ila akienda msalani. Alikataa katakata. Wifi akamwambia wageni watakaa saa chache tu. Peng akajibu kwamba kwa umri wake saa chache zinatosha kabisa kufa. Mwishowe alilisukuma nyuma ya kitanda, akapanda kitandani na viatu vyake, akajifunika mablanketi mpaka puani, akasema asisemeshwe na mtu.

Pipa lenyewe ni la mbao, wazi juu. Unaingiza miguu, unakanyaga kichanja cha fito, na chini ya kichanja kuna chungu cha makaa yaliyofukiwa kwenye majivu. Mkubwa hukaa ukingoni. Mtoto anayejifunza kusimama hutumbukizwa mzima, kichwa na mikono tu nje, na mama yake akapata nafasi ya kupika. Hapa kwetu panaitwa Kichochoro cha Mapipa kwa sababu ndiyo kazi ya wanaume wa hapa tangu zamani, na fundi wa mwisho aliyebaki ni Gan Shuigen, mume wa wifi. Yaani siku ile fundi wa mapipa alikuwa nyumbani kwake bila pipa, meno yanagongana.

Sababu ya yote haya ilikuwa mguu wa Nuomi.

Mimi nauza tofu mwanzoni mwa kichochoro, kwa hiyo kila anayeingia na kutoka ananipitia, na sioni kwa nini nijifanye sioni. Lianxiu namwita wifi kwa sababu mume wangu na Gan walikua pamoja kama ndugu. Alitoka vijiji vya mianzi huko milimani akaolewa hapa, mwanamke wa sauti ya chini na mikono isiyotulia. Walijaliwa mtoto mmoja tu, wa kiume, naye alipoanza kunyoa ndevu akaenda Guangdong kushona viatu kiwandani na kubaki hukohuko. Nyumba ikapwaya. Kituo cha watoto yatima cha wilaya kilipotafuta wanawake wa kulea vichanga majumbani mwao, wifi alikuwa wa kwanza kujitolea. Watu walisema sana. Wapo waliosema anafuata posho, na wapo waliosema anajitafutia machungu. Hawa wa pili hawakukosea. Kila mtoto alipochukuliwa, wifi alishinda siku kadhaa hali chakula, anafua nepi ambazo zilikwisha fuliwa. Kisha siku moja ungesikia kichanga kipya kinalia mle ndani, na yeye anakiimbia.

Wa mwisho wao aliletwa akiwa na umri wa siku chache. Kituoni walimpa jina refu la heshima ambalo hakuna aliyelitumia. Wifi alimwita Nuomi, yaani mchele wa kunata, kwa kuwa ukishambeba mgongoni habanduki. Alikuja dukani kwangu akiwa mgongoni, akajifunza kutembea kwa kushikilia ndoo zangu, na neno lake la tatu au la nne lilikuwa tofu. Nasema hivi ili ijulikane kwamba na mimi nilimpenda.

Majira yake ya pili ya baridi, ufito mmoja wa kichanja ulivunjika, na mguu wake wa kushoto ukatumbukia ukagusa chungu. Sisi tulisikia kilio, tukauliza, tukapeleka mafuta ya mbegu za chai ya kupaka, tukasahau. Watoto wa kichochoro hiki huungua. Wifi hakusahau. Muda si mrefu Nuomi akachukuliwa na watu wa Hispania, na kuanzia siku hiyo wifi alimkataa kila mtoto aliyeletewa. Kituo kilituma watu kumbembeleza, akawapa chai na kuwarudisha. Tulidhani amechoka tu.

Ikapita miaka kumi na sita. Ndipo binti mmoja wa mjini aitwaye Tang, anayejua Kihispania na kuongoza wageni, alipopiga simu. Nuomi anakuja na mama yake. Wanataka kuona mahali alipotoka na watu waliomlea. Na mama mtu ana swali moja ambalo amekaa nalo siku zote: nani aliuchoma mguu wa mtoto?

Wifi alikuja dukani simu bado iko mkononi. Alikuwa mweupe kama tofu yangu.

"Ameuliza ni nani," akaniambia. "Hakuuliza ilikuwaje. Keshaamua kuna mtu."

Nikamwambia aeleze tu, ajali ni ajali. Akatikisa kichwa. Alikuwa ameona kwenye runinga kwamba ng'ambo mtu akimpiga mtoto kofi anapelekwa polisi, sembuse kumchoma. Alikwisha panga la kusema: kwamba mtoto aliletwa na kovu lake. Na ili mtu asiulize zaidi, mapipa yasionekane kabisa.

"Akijua ni mimi, hataingia hata mlangoni," akasema. "Acha nimwone kwanza, Qiaoyun. Nimwone tu, basi."

Sikuipenda hoja ile. Lakini ungemwona uso wake, nawe ungeficha pipa. Nilifunga mdomo, jambo ambalo wanaonijua watakwambia si kawaida yangu.

Walifika kabla ya saa sita mchana, na kichochoro kizima kilikuwa nje kinajifanya kina shughuli. Kuna waliofagia palipofagiliwa. Nuomi, ambaye sasa anaitwa Nerea, alikuwa mrefu kumzidi Gan, nywele amekata fupi kama mvulana, na kipini puani. Tulimkagua kama wanunuzi wa bata. Nikasema masikio ni yaleyale, jirani akasema masikio hapana, ila mwendo. Yeye naye alikuwa anatukagua. Alitazama kila uso, pole pole, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha, na alipofika kwangu akatabasamu, nami moyo ukanienda mbio bure kabisa, kwa sababu nilijua hanikumbuki. Mama yake, Maite, alikuwa mwanamke mfupi mwenye mvi na macho makavu. Hakumtazama mtu. Alitazama kuta, dari na jiko.

Wifi alisimama kizingitini, hasogei mbele wala nyuma. Tangu ile simu nilikuwa nikijiuliza atafanya nini dakika hiyo: atalia, atamkumbatia, atazimia? Hakufanya hata moja. Alinyoosha mkono akapima unene wa koti la binti kwa vidole viwili, uso ukamwiva.

"Amevaa kitu kimoja," akamwambia Tang kwa ukali. "Muulize mama yake kwa nini amemvalisha kitu kimoja."

Tang, ambaye kazi yake ni kulinda amani, sijui alitafsiri nini. Kabla hajamaliza wifi alikwisha ingia ndani na kutoka na koti lake la pamba na suruali ya sufi, na binti wa watu akavalishwa palepale mlangoni, mkono huu, mkono ule, akigeuzwa kama mtoto wa miaka miwili. Alicheka. Hakukataa. Nikaona wifi amefumba macho kidogo alipomfunga kifungo cha shingoni.

Ndani tulikaa kwenye viti vya mianzi tukitoa mvuke vinywani. Wageni walipewa mayai katika maji ya sukari, kama inavyotakiwa, na Nerea akala yote bila kubakiza hata moja, tukatazamana, kisha tukakumbuka hakufundishwa kwamba mgeni hubakiza. Halafu alianza kuuliza, na nasema kweli sijawahi kuona mtu wa kuuliza kama yule. Alilala wapi? Alikula nini? Alikuwa mkorofi? Aliogopa nini? Tang hakupata nafasi ya kumeza mate. Wifi, aliyekuwa amekauka kama ukuni, akaanza kulainika. Alilala pale, upande wa ukutani. Alikula uji wa mchele na yai, na mkia wa samaki alioubwia mwenyewe mezani. Alimwogopa fundi wa miavuli, kila akipita anapaza sauti yeye anaingia chini ya meza. Na hakupata usingizi mpaka ashike sikio la mtu.

Hili la sikio Tang alipolitafsiri, Maite aligeuka kwa mara ya kwanza akamtazama wifi usoni. Akasema mtoto bado analala ameshika sikio lake mwenyewe. Wakaangaliana wale wanawake wawili, na nilidhani mambo yamekwisha, tutakula tuagane kwa amani.

Lakini Maite aliweka kikombe chini, akasema maneno machache kwa sauti ya mtu aliyeyafanyia mazoezi. Nerea akakunja suruali zote mbili, ya kwake na ile ya sufi, mpaka chini ya goti. Kovu lilikuwa kwenye shavu la mguu, limenyooka, linang'aa. Tang akauliza kwa upole kadiri alivyoweza kama shangazi, ndivyo alivyomwita wifi, anajua lilitokana na nini.

"Alikuja nalo," wifi akasema. "Nilipoletewa lilikuwepo tayari."

"Alikuja nalo," tukasema sisi wote kwa pamoja, haraka mno, kama wanafunzi mbele ya mkaguzi. Kutoka ng'ambo ya ukuta nikasikia hata Peng, huko alikolala, akisema alikuja nalo. Gan peke yake hakufungua mdomo. Alikuwa anatazama viganja vyake.

Maite alivuta pumzi ndefu na kufumba macho. Nerea alishusha suruali zake, na maswali yakaisha. Hilo lilinitisha kuliko kama angelia. Tulikula chakula cha mchana tukisikia vijiti tu vikigonga mabakuli: samaki wa pilipili, nyama ya chumvi, tofu yangu. Wifi alimjazia bakuli, akamjazia tena, na binti akala kwa heshima bila kuinua macho.

Baada ya chakula Nerea akaomba kuonyeshwa mahali alipookotwa. Si mbali, ni ng'ambo ya daraja, kwenye lango la kinu cha zamani cha mpunga ambacho siku hizi ni ghala la vifurushi vya watu wanaonunua vitu kwa simu. Tukaenda sote, yaani wao, wifi na Gan, na mimi, kwa sababu nisingebaki nyuma hata mngenifunga kamba. Njiani Gan alitangulia na mkewe, mikono mgongoni. Nilimsikia akimwambia mkewe kwa sauti ya chini kwamba pipa ni kazi yake, ufito aliuchonga yeye, na kama kuna wa kulaumiwa ni yeye. Wifi akamwambia anyamaze.

Pale langoni hapakuwa na cha kuona. Kulikuwa na nguzo mbili za matofali na kijana wa ghala anakula tambi huku amechutama. Nerea alisimama kati ya nguzo, akaishika moja, akaipapasa. Akauliza ilikuwa vipi hasa. Wifi alikuwa ameyapata yote kwa mlinzi wa kinu, ambaye sasa ni marehemu, na akaanza kusimulia, na nadhani alifurahi kupata kitu cha kweli cha kusema. Ilikuwa alfajiri ya majira ya mapukutiko. Mtoto alikuwa ndani ya kikapu cha mboga, amefungwa blanketi mbili mpya, na chupa ya maziwa imeegeshwa pembeni mwake. Mlinzi alipoishika chupa ilikuwa bado ina joto. Maana yake aliyemweka alikuwa karibu, huenda nyuma ya mti mahali fulani, akisubiri aone ameokotwa.

Nerea alimsikiliza Tang mpaka mwisho. Akafikiri. Unaweza kumwona yule binti anapofikiri, paji la uso linakunjamana katikati, na wifi baadaye aliniambia hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya akijaribu kufungua kifuniko. Halafu akasema kitu taratibu, na Tang hakukitafsiri.

"Anasema nini?" wifi akauliza.

"Shangazi, anawaza tu kwa sauti."

"Anawaza nini?"

Tang akatazama chini. "Anasema haelewi. Anasema, yaani alinichoma kwanza, halafu akaninunulia blanketi mpya? Anauliza ni mtu wa namna gani anafanya hivyo. Anauliza yeye alikuwa amemkosea nini, na alikuwa na siku chache tu."

Hapo ndipo nilipoelewa tulichokifanya, sisi wajinga wenye mapipa yaliyofichwa. Tulidhani uongo wetu unamfunika wifi. Kumbe ulimwangukia mwanamke mwingine, yule wa nyuma ya mti, asiyekuwepo kujitetea, na kupitia kwake ukamwangukia mtoto. Nilitaka kusema, lakini si mimi niliyetakiwa kusema. Wifi alikuwa amemshika Tang mkono juu ya kiwiko.

"Mwambie si yeye," akasema. "Mama yake hakumgusa. Alimleta mzima kama yai, mguu hauna hata mkwaruzo. Nilimchoma mimi."

"Shangazi, una hakika unataka nimwambie hivyo?"

"Mwambie sasa, kabla sijabadilisha maneno."

Tang akamwambia. Maite alikuwa wa kwanza kusogea. Alisema maneno mengi, kwa sauti iliyokuwa inapanda, na kidole chake kinamwelekea wifi kifuani, na hatukuhitaji mkalimani. Wifi hakurudi nyuma. Alisimama palepale kichwa kimeinama, mikono imeanguka ubavuni, kama mtu anayenyeshewa mvua aliyojua itanyesha. Kijana wa ghala aliacha tambi zake. Ni Nerea aliyemzuia mama yake. Alimwekea mkono begani, akamwambia neno moja, kisha akamgeukia wifi na kuuliza lile ambalo hakuna aliyelifikiria kabla yake. Aliuliza: ilikuwaje?

Sasa shida ikawa kwa Tang. Binti huyu alikulia ghorofani kwenye mashine ya joto na maishani mwake hajaliona pipa la moto. Wifi akaeleza, maneno yanapandana: alikuwa ndani ya pipa, na chini kulikuwa na moto, mimi nilikuwa jikoni natayarisha chakula. Tang akatafsiri kama alivyosikia. Nikaona rangi inamtoka Maite, halafu Nerea, halafu Tang mwenyewe, aliyekuwa ameanza kusikia alichokuwa anakisema. Kwa masikio yao tulikuwa watu waliomtia mtoto ndani ya pipa, wakawasha moto chini yake, wakaenda kutayarisha chakula.

Hapo sikuweza tena. Nikamwambia Tang afunge mdomo wake, kwa heshima zote, na wote waje nyumbani wakaone kwa macho. Nilimshika yule Maite mkono nikamvuta. Hakupenda, lakini mwanamke anayebeba ndoo za soya tangu usichana si rahisi kumponyoka.

Gan alikuwa ametoroka mbele yetu. Tulipofika alikwisha panda darini na kulishusha, lile pipa dogo la watoto, limejaa vumbi na utando wa buibui, na alikuwa anapuliza jiko la mkewe kutafuta makaa. Akayatia kwenye chungu, akayafukia kwa majivu, akapanga kichanja juu yake. Akakijaribu kwa ngumi. Kisha, mzee yule asiyesema na watu, akamshika Nerea kiwiko na kumwonyesha kwa ishara: mguu huu, na huu.

Nerea alimtazama mama yake, akavua viatu, akaingia. Pipa lilimfika magotini tu. Alisimama mle na koti la wifi, mrefu, anatazama miguu yake. Joto huchukua muda kidogo kupanda. Tukangoja. Likapanda, nikaliona likimfika, kwa sababu mabega yake yaliyokuwa yamekaza tangu asubuhi yalishuka. Akasema kitu.

"Anasema ni raha humu," Tang akatuambia, na yeye mwenyewe alikuwa anasogeza mikono yake ukingoni.

Nyuma yetu pakasikika kelele, kumbe ni Mzee Peng. Alikuwa amesikia kishindo cha pipa la Gan na kuona kwamba adhabu imekwisha. Aliingia anasukuma lake, blanketi begani, akaliweka katikati ya sebule ya watu, akaingiza miguu bila kumsalimu mtu. Akamwona msichana ndani ya pipa, akauliza kwani imekuwaje, si tulisema alikuja nalo? Nikamwambia limekwisha hilo, ameambiwa ukweli. Peng akaguna. Akamwuliza Tang kwa nini watu wamekaa kama msibani kwa sababu ya kovu la pipa. Akaikunja suruali yake, akatoa mguu wake mwembamba, akauweka ukingoni. Lake ni pana, linaanza kwenye kifundo cha mguu.

"Mwambie hili ni la mwaka wa mafuriko," akasema. "Mama alikuwa anaita kuku."

Basi nami nikakunja. La kwangu ni la mguu wa kulia, nilikuwa na miaka mitatu na dada yangu ndiye aliyekuwa ananiangalia, au tuseme hakuwa ananiangalia. Gan akakunja, anayo mawili. Waliokuwa mlangoni wakichungulia wakaingia, mmoja baada ya mwingine, wanakunja suruali juu ya suruali katika baridi ile, wanabishana nani aliungua akiwa mdogo zaidi na mama yake nani alikuwa wapi. Nerea alitazama kila mguu. Alitoka kwenye pipa, akachuchumaa, akaomba kwa ishara kugusa, na akagusa la Peng, la kwangu, la Gan. Aliuliza la kila mmoja linatokana na nini, na kila mmoja akamweleza kuliko alivyoulizwa. Alipomaliza alibaki amekaa sakafuni, akamwambia Tang jambo kwa Kihispania, na mama yake akaziba mdomo kwa kiganja.

Tang akatugeukia. "Anasema siku zote alijua mahali fulani duniani kuna mtu aliyemchukia sana alipokuwa mdogo. Alikuwa anajiuliza kwa nini. Anasema kumbe mtu huyo hayupo."

Wifi alikuwa kwenye kona ya jiko, hajakunja suruali. Yeye ni wa milimani na hana kovu la pipa mguuni. Alikuwa analia bila sauti, anajifuta kwa aproni.

Gan aliinama karibu na mguu wa Nerea, akavaa miwani yake, akaukagua kama anavyokagua maungo ya mbao. Akasema hili ni dogo. Akasema kati ya yote yaliyomo humu ndani, hili ndilo dogo kuliko yote. Tang akatafsiri, na bila shaka Nerea akauliza kwa nini.

Gan alimwendea mkewe, akamshika mkono wa kushoto. Wifi akauvuta, akamwambia aache mambo yake. Akaukamata tena, akapandisha sweta la kwanza na la pili mpaka juu ya kiwiko. Miaka yote ile sikuwahi kuuona mkono ule. Hata kiangazi alivaa mikono mirefu, nami nilidhani ni haya zake za kimilimani. Upande wa ndani, kutoka karibu na kifundo cha mkono mpaka kwenye kiwiko, ngozi ilikuwa imejikunja na kung'aa kama karatasi iliyolowa ikakauka.

"Hakungoja kukiondoa kichanja," Gan akasema. "Aliuingiza mkono chini kulikokuwa na chungu, akausukuma mguu wa mtoto juu. Na hakuutoa mpaka mimi nilipofika kumnyanyua mtoto."

Tang alitafsiri. Maite akainuka. Watu walimpisha, kwa kuwa hatukujua anaenda kufanya nini, na nadhani hata yeye hakujua. Aliushika mkono wa wifi kwa mikono yake miwili, akaugeuza kwenye mwanga wa mlango, akautazama mpaka wifi akaanza kuona aibu. Kisha akauliza kitu kwa sauti ndogo.

"Anauliza," Tang akasema, "kama wakati wa baridi unauma."

Wifi akajibu kwamba hauumi, hauumi hata kidogo, na kati ya uongo wote wa siku ile, huo ndio pekee tuliouacha upite.